Mbegu niliyompa mama mjane

Wengi mmezoea kunisoma juu ya ndoa na malezi ya watoto. Mwezi huu nitaandika juu ya soja. Lakini kabla sijasema neno la jembe nataka kuungama kosa langu, maana bila kosa lile nisingejua hata nusu ya haya nitakayowaambia.

Ilikuwa mwaka 2016. Bei ya shaba ilikuwa imeanguka, na mababa wengi wa kanisa letu, hapa upande wa Likasi, waliketi nyumbani bila kazi. Mimi nikaona nimepata jibu. Nilikuwa nimesoma kwamba soja ina protini karibu 40 kwa 100, na mafuta karibu 20 kwa 100, na kwamba inajilisha yenyewe kwa hewa. Nikasimama mbele ya watu baada ya ibada, nikasema: "Ndugu, tulime soja!" Mimi huyo ambaye kilimo changu chote kilikuwa kupalilia mihogo ya Shule ya Biblia kila siku ya posho.

Watu kumi na wawili wakakubali. Kati yao mama mmoja mjane, mwenye watoto wanne. Alikuwa na franka kidogo alizoziweka kwa ajili ya shule ya kijana wake wa kwanza. Akazitoa, akanunua mbegu kwa mkono wangu. Na mimi mbegu niliitoa wapi? Sokoni, kwa meka. Soja safi ya kung'aa, iliyovuka mpaka pale Kasumbalesa ndani ya lori ili isagwe. Hakuna aliyejua jina lake wala mwaka iliovunwa. Sikuuliza. Kwangu mimi soja ilikuwa soja tu, sawa vile chumvi ni chumvi.

Tulipanda katikati ya mwezi wa 12. Karibu nusu haikuota. Ile iliyoota ikawa ya manjano, na ikatoa maua kabla ya kufika magotini. Mwezi wa 2 nikamwita agronomu mmoja mzee, mtu wa kanisa jirani aliyekwisha kupumzika kazi. Hakutazama majani. Alichukua jembe, akachimba shina moja pamoja na udongo wake, akatikisa taratibu, akaniwekea mizizi mkononi.

"Pasta, unaona nini?"

"Naona mizizi."

"Ndiyo. Mizizi tupu. Soja yako iko na njaa, na mpishi wake hayuko."

Halafu akaniuliza jina la mbegu, na inakaa siku ngapi shambani, na kama niliijaribu kuota kabla ya kuwapa watu. Maulizo matatu, na sikuwa na jibu hata moja. Nilipewa sifuri mbele ya wamama niliowafundisha.

Msomaji, nikueleze huyo mpishi ni nani. Soja haili hewa peke yake. Ndani ya udongo kuna bakteria, vijidudu visivyoonekana kwa macho, ambavyo vinaingia katika mizizi na kujijengea vijumba vidogo vya mviringo. Tuviite vinundu. Ndani ya vinundu hivyo bakteria wanachukua naitrojeni ya hewa na kuipikia soja. Lakini si bakteria wote wanaokubaliana na soja zote. Soja nyingi za kisasa zinamtaka rafiki wao mmoja tu, na katika shamba ambalo halijawahi kulimwa soja mara nyingi rafiki huyo hayupo. Hapo ni lazima kumleta. Anauzwa ndani ya mfuko, kama unga mweusi, jina lake inokulamu.

Kuna soja za namna nyingine, ambazo hazichagui marafiki. Zinakubali bakteria wanaoishi tayari katika udongo wa Afrika. Watafiti wa IITA, kule Ibadan katika Nigeria, walianza kazi ya kuzizalisha miaka ya 1970, na mbegu zao zinajulikana kwa alama TGx. Jirani zetu wa Zambia nao wana Magoye, ambayo wakulima wadogo wameilima tangu miaka ya 1980. Magoye haitashinda soja kubwa za kisasa zilizopewa inokulamu na fosfori. Lakini mama asiye na franka za inokulamu, wala mahali pa baridi pa kuitunza, afadhali apande soja isiyochagua marafiki kuliko kupanda soja tajiri itakayolala na njaa. Hilo ndilo neno ambalo ningepaswa kulisema mwaka 2016 badala ya hotuba yangu ya protini.

Kama una inokulamu, kumbuka ni kitu chenye uhai. Jua linaiua. Nimeona mtu akiinunua Lubumbashi na kuisafirisha juu ya gari, katika joto, siku nzima. Alipanda wafu. Lowesha mbegu kidogo kwa maji yenye sukari kidogo, changanya kivulini, panda siku ile ile katika udongo wenye unyevu, funika mara moja. Usiichanganye na mbolea ya kiwanda katika ndoo moja.

Sasa juu ya siku. Soja inahesabu urefu wa usiku, usicheke, ni kweli. Usiku unapokuwa mrefu vya kutosha, inatoa maua. Mbegu iliyozoea nchi za kusini zaidi, ambako mchana wa masika ni mrefu kuliko wetu, ukiileta huku inadhani wakati umekwisha. Inaharakisha maua ingali fupi, na maganda yanakuwa machache, tena karibu na udongo. Ndivyo yule mzee alivyoelewa soja yetu. Kwa hiyo usiulize tu kama mbegu ni nzuri. Uliza ni nzuri wapi. Hapa kwetu kituo cha INERA cha Kipopo, karibu na Lubumbashi, ni mahali pa kuuliza kuhusu mashamba na mbegu za Katanga, na mbegu iliyokaguliwa na SENASEM ina karatasi yenye jina lake. Iombe hiyo karatasi.

Tena ulize inakomaa kwa siku ngapi. Kuna za siku 90 hadi 100, na kuna za siku 120 na kupita. Mvua zetu zinatulia mwezi wa 11 na kukatika mwezi wa 4. Ukipanda mwisho wa mwezi wa 11 au mwanzo wa mwezi wa 12, mbegu ya siku 120 ina nafasi yake. Ukichelewa hadi Noeli, chukua ya muda mfupi, au acha. Sitaki kukudanganya. Ya muda mfupi kwa kawaida inazaa kidogo kuliko ya muda mrefu, lakini ina faida nyingine juu ya ugonjwa wa kutu. Kutu hiyo ilionekana Zambia na Zimbabwe mwaka 1998, na kwetu Kongo ikaandikwa mwaka 2007. Inaanzia majani ya chini, vidoadoa vya rangi ya udongo upande wa chini wa jani, halafu majani yanaanguka yote na maganda yanabaki bila chakula. Soja iliyopandwa mapema na kukomaa mapema inaweza kuikimbia. Kwa hiyo mwezi wa 2 usipite tu barabarani ukisifu shamba kuwa ni kijani. Inama, ugeuze majani ya chini.

Ulizo la tatu la mzee ndilo la bei rahisi kuliko yote, na ndilo lililonipa haya zaidi. Mbegu ya soja ina mafuta, kwa hiyo inakufa haraka. Mihindi yako inaweza kungoja, soja haingoji. Ikikaa chini ya bati lenye joto, au ikipigwa sana kwa fimbo wakati wa kupura, kwa macho itang'aa lakini ndani ni maiti. Hesabu mbegu 100, uzifunge katika kitambaa chenye maji, ukilinde kisikauke. Siku ya 6 au ya 7 fungua, uhesabu zilizoota. Zikiwa 80 na kupita, panda. Zikiwa 60, ongeza mbegu shimoni. Zikiwa 40, zipike. Kitambaa, maji, wiki moja. Ni hivyo tu vilivyokuwa kati ya yule mama na franka za shule ya kijana wake.

Nilimrudishia nusu ya franka zake kwa mihindi ya shamba langu. Nusu nyingine sikuwa nayo. Yeye hakunitukana. Alifika mlangoni mwezi wa 3, baada ya kuvuna kilo 30 hivi mahali alipopanda kilo 20, akasema tu: "Pasta, mi nilitumika. Palizi nilifanya mbili. Soja njo ilikataa." Kijana wake aliacha shule mwezi ule, akaenda kuosha mawe pamoja na wachimbaji.

Kazi ya shamba yenyewe nitaipitia haraka, maana wengi mnaijua kunishinda. Mistari iachane sentimeta 45 au 50, na mbegu katika mstari sentimeta 5. Mkono wa mtu wa mihindi unapenda kuacha nafasi kubwa, uukatae, maana soja inapenda kufungana na kufunika udongo. Usizike mbegu kupita sentimeta 4. Robo ya hekta inataka kilo 15 hadi 20. Palizi ya kwanza iwe wiki ya 2 au ya 3, ya pili kabla ya maua. Maua yakifunguka, weka jembe nyumbani.

Lakini juu ya udongo nitakaa kidogo. Udongo wetu mwekundu ni mkali, una asidi, na fosfori ni kidogo. Bakteria wa soja hawapendi asidi. Majivu ya jikoni yanasaidia bustani ndogo. Kwa shamba, chokaa ya mawe iliyosagwa, iingizwe katika udongo wiki kadhaa kabla ya kupanda. Kwetu Likasi mawe ya chokaa ya Kakontwe yanajulikana tangu zamani, lakini mimi mwenyewe nilikuwa nadhani chokaa ni ya kupaka kanisa. Ukiwa na franka za mfuko mmoja wa mbolea, nunua yenye fosfori, siyo urea. Shemasi wetu mmoja alitia urea mwaka 2018 juu ya soja yenye inokulamu. Majani yalikuwa meusi kwa uzuri, watu wakaja kupiga picha. Vinundu vilikuwa vya kuhesabu kwa vidole. Mtu anayeletewa chakula kila siku hamlipi mpishi.

Wiki ya 6 chimba mashina matano, usiyang'oe kwa kuvuta, vinundu vinabaki chini. Pasua kinundu kwa ukucha. Kikiwa chekundu ndani kama nyama, kinatumika. Kikiwa cheupe au kijani, kimelala. Na wakati wa kuvuna usingoje jirani. Maganda yakiwa yamekauka karibu yote, kata asubuhi, kungali baridi. Ukiacha wiki mbili katika jua yanapasuka na kumwaga mbegu chini, na hapo umelimia njiwa. Mbegu ya mwaka ujao ipukuchue kwa mkono. Soja inajizalisha yenyewe katika ua lake, kwa hiyo watoto wake wanafanana na mama, si kama mihindi ya hibridi. Unaweza kuweka mbegu yako mwenyewe, bora uichague safi na kuijaribu kila mwaka. Ile ya kula usiwape watoto kabla ya kuichemsha au kuikaanga vizuri.

Yule mama alikataa kulima soja miaka miwili. Sikumsukuma. Mwisho wa mwaka 2018 alipanda tena robo yake ile ile, mbegu ya TGx aliyoipata kwa agronomu, bila kupita kwangu. Alivuna kilo 310. Sasa watoto watatu wako shuleni. Wa kwanza hakurudi. Yuko kwenye mashimo bado, na siku ya yenga ananisalimu kwa heshima, ananiita Baba Pasta.

Mwaka jana nilimpelekea mama huyo kilo 5 za mbegu mpya, zawadi, kutoka kwa rafiki yangu wa Kambove. Alizipokea kwa mikono miwili, akazitazama, akanitazama.

"Pasta, uliziweka mu kitambaa?"

"Ndiyo, mama."

"Ziliota ngapi?"

Nikamwambia: 91. Akaingia ndani, akarudi na kitambaa chake.