KITI NI CHA WALIOKUCHAGUA



Wazee wetu walisema cheo ni dhamana. Neno hili tunalitaja sana mabarazani, khasa nyakati za uchaguzi, na aghalabu tunalitaja kumsuta mtu aliyekwisha kukosea. Leo napenda tulitazame kwa mtu ambaye cheo kilimjia angali kijana, akatakiwa alirudishe neno lake ndipo akikalie, naye hakulirudisha. Hakuwa Muislamu, wala hakuwa mtu wa pwani yetu. Lakini hikma haina kabila, na mwenye akili huiokota popote aionapo.

Mtu huyo ni Julian Bond, aliyezaliwa mji wa Nashville, Marekani, tarehe 14 Januari 1940. Babu yake alizaliwa utumwani. Baba yake, Horace Mann Bond, alikuwa mtu wa ilimu, na mwaka 1945 akawa mtu mweusi wa kwanza kukiongoza Chuo Kikuu cha Lincoln huko Pennsylvania, chuo ambacho Kwame Nkrumah alipata kusoma. Julian mwenyewe alipelekwa skuli ya Wakristo wa madhehebu ya Quaker, watu wasioamini vita. Hayo aliyoyasikia utotoni hayakumtoka. Sisi walimu wa watoto na tulizingatie hilo.

Mwaka 1957 alikwenda Atlanta, katika jimbo la Georgia, kusoma Chuo cha Morehouse. Siku zile mtu mweusi hakuruhusiwa kula katika mikahawa ya wazungu. Mwaka 1960 vijana wa vyuo walianza kwenda kukaa katika mikahawa hiyo kwa utulivu, wakifukuzwa na kufungwa, na mwezi wa Aprili wakaunda chama chao kilichojulikana kwa ufupi kama SNCC. Bond alikuwa miongoni mwa walioanzisha, na baadaye akawa mkuu wa khabari. Aliacha masomo kwa ajili ya kazi hiyo, akarudi kuyamaliza mwaka 1971.

Vijana hao hawakuwa mbali na sisi kama tunavyodhani. Disemba 1963 Oginga Odinga, aliyekuwa waziri wa Kenya, alizuru Atlanta wakaonana naye. Septemba 1964 Bond na wenziwe walialikwa na serikali ya Sékou Touré kwenda Guinea, nchi ya Kiislamu ya Afrika Magharibi. John Lewis, mwenyekiti wao, alifululiza hadi Nairobi, na huko akakutana na Malcolm X.

Sasa tufike kwenye kiti. Marekani ina majimbo 50, na kila jimbo lina baraza lake la kutunga sheria, mbali na bunge kubwa la Washington. Mabaraza haya ndiyo yanayotunga sheria za skuli, barabara, polisi na mahakama za jimbo. Georgia ina mabaraza mawili, la Wawakilishi na la Seneti, na hukutana siku 40 tu kwa mwaka. Siku chache, lakini sheria zinazopitishwa humo huingia hadi jikoni mwa mtu. Tangu mwaka 1907 hapakuwa na mtu mweusi katika Baraza la Wawakilishi. Mahakama zilipoamuru mipaka ya uchaguzi ichorwe kwa uadilifu, Bond, mwenye umri wa miaka 25, aligombea mwaka 1965. Alikwenda nyumba hadi nyumba katika mitaa ya maskini, akiwauliza watu wanataka nini. Wakamchagua kwa wingi.

Kabla hajaapishwa, yalitokea mambo mawili. Tarehe 3 Januari 1966, kijana mweusi wa miaka 21, Sammy Younge, aliyekwisha kulitumikia jeshi la majini la nchi yake, alipigwa risasi akafa huko Tuskegee, Alabama. Kosa lake ni kutaka kutumia choo cha wazungu katika kituo cha petroli. Siku tatu baadaye SNCC ilitoa tamko la kupinga vita vya Vietnam, na kusema inawahurumia vijana wasiokuwa tayari kwenda kupigana. Bond hakuliandika tamko lile, lakini alipoulizwa na waandishi wa khabari kama analiunga mkono, alijibu kuwa analiunga.

Tarehe 10 Januari 1966 alikwenda kula kiapo. Wajumbe wenzake wakaapishwa, yeye akaambiwa asimame kando. Walisema mtu mwenye kauli kama ile hawezi kuapa kwa moyo safi kuwa ataitii katiba. Yeye alikuwa tayari kuapa. Wakampigia kura: 184 walisema asikae, 12 walisema akae.

Nawasihi wasomaji wasimame hapa kidogo. Mlango wa kutokea ulikuwa wazi. Angaliweza kusema kuwa hakuelewa swali, au kuwa tamko ni la chama na si lake, pengine yakesha siku ile ile. Watu wangapi tunawajua ambao wangesema hivyo, kisha jioni wakatuambia kuwa wamefanya hikma!

Nina mwanafunzi niliyemsomesha tangu alifu, ambaye sasa ni mwakilishi wa wadi katika bunge la kaunti. Siku moja alinijia baada ya sala ya alasiri, hana raha. Katika wadi yake kuna diko la wavuvi, na njia ya kulifikia imezibwa kwa ukuta. Akaniambia, "Maalim, wakubwa wameniambia nikilitaja jambo la diko bungeni, tikiti ya uchaguzi ujao nisiitazamie. Na nikiikosa tikiti, nitawafaa nini hawa wavuvi?"

Swali lake halikuwa la kipuuzi, na sikutaka kumjibu kwa waadhi mtupu. Nikamhadithia khabari za Bond. Aliponisikiliza hadi hapo nilipofika nanyi, akauliza, "Na yule alipata nini, Maalim?"

Nikamwambia kweli. Alipata hasara kwanza. Yeye aliwekwa nje ya Baraza takriban mwaka mzima, na watu wake mwaka ule hawakuwa na wa kuwasemea. Mahakama ya kwanza ilimshinda, majaji wawili kwa mmoja. Asitokee mtu kukudanganya kuwa neno la haki halina gharama, au kuwa gharama yake hulipwa na msemaji peke yake. Hulipwa hata na wanaomtegemea.

"Basi," nikamwambia, "kwa kuwa nao hulipa, nao waulizwe. Bond aliulizwa kwa watu wake mara mbili." Februari 1966 ulifanywa uchaguzi mdogo wa kukijaza kiti, wakamrudisha yeye yeye. Baraza likamkataa tena. Novemba ukaja uchaguzi mwengine, wakamrudisha tena. Wengi wa watu wale walikuwa maskini, lakini walijua nani wanayemtaka. Tarehe 5 Disemba 1966 Mahakama Kuu ya Marekani, majaji wote tisa kwa kauli moja, iliamua kuwa Baraza limemdhulumu. Jaji Mkuu Earl Warren alieleza kuwa jimbo lina haki ya kumtaka mjumbe ale kiapo, lakini wajumbe wengi hawana haki ya kuupima moyo wa mwenzao na kusema kiapo chake si cha kweli. Tena mjumbe ana wasaa wa kusema juu ya mambo ya nchi, kwani waliomchagua wana haki ya kujua rai yake.

Mwanafunzi wangu aliondoka hakuniahidi kitu, wala sikumtaka ahadi. Baada ya siku chache nikasikia kuwa amewaita wavuvi, wazee na vijana, palepale kwenye ukuta, akawaeleza vitisho alivyopewa na akawauliza wanasemaje. Mzee mmoja akamjibu, "Mwanangu, sisi tulikupa kura kwa ajili ya njia hii. Ukiinyamazia, kiti chako kitatusaidia wapi?" Juma lililofuata akalisema jambo hilo bungeni. Ukuta bado upo, na uchaguzi haujafika.

Turudi kwa Bond. Alikaa kitini Januari 1967, na baadhi ya waliomkataa walikuwa bado wamo humo humo. Alifanya kazi nao. Mwaka 1968, katika mkutano mkuu wa chama cha Democratic mjini Chicago, jina lake lilitajwa kwa cheo cha makamu wa rais. Akalitoa mwenyewe, kwani alikuwa na miaka 28 na sheria inataka 35. Alibaki Baraza la Wawakilishi hadi alipoingia Seneti ya jimbo mwaka 1975, akatumika huko hadi 1987. Jumla miaka 20, na nyingi katika hiyo ni ya kazi isiyopigiwa makofi: miswada, kamati, na barua za wananchi.

Mwaka 1981 alipigania mipaka ya eneo la tano la uchaguzi wa bunge la Washington, ili watu weusi wa Atlanta wapate sauti. Wenziwe walimkatalia, lakini mahakama iliona ubaguzi, na mipaka ikachorwa upya mwaka 1982. Mwaka 1986 aliacha kiti cha Seneti akagombea eneo lile lile. Mpinzani wake akawa John Lewis, rafiki yake wa tangu ujana. Walisemana maneno makali, na Lewis akashinda kwa kura chache. Bond alisaidia kuijenga nyumba, mwingine akaingia kukaa.

Hapo ndipo mimi humpima mtu. Kukataa kurudisha neno ukiwa na miaka 25 huenda kukawa ni ujasiri wa damu moto. Kukosa kiti ulichokitolea jasho, kisha usiiache kazi, ni jambo la subira. Bond alisomesha vyuoni, na tangu 1998 hadi 2010 akawa mwenyekiti wa NAACP, chama kikongwe cha kutetea haki za watu weusi. Yeye na Lewis walipatana, na Bond alipofariki tarehe 15 Agosti 2015, Lewis alimlilia kama ndugu.

Ndugu zangu, sisi ndio wenye kutoa dhamana hii. Tukimwendea mtu wetu kwa ajili ya karo, harusi na maziko peke yake, tusistaajabu akinyamaza panapotakiwa sauti. Tumuulize amesema nini kule tulikomtuma. Na akisema neno la haki akatishwa, tusimwache asimame kando peke yake.

Wabillahi tawfiq.