Niazime Kalamu

Nimefundisha Kiingereza kidato cha kwanza kwa miaka 31, mingi kati ya hiyo mkoani Tanga. Watoto walinijia wametoka kusoma miaka 7 ya shule ya msingi kwa Kiswahili, na ghafla karibu kila somo limegeuka Kiingereza. Wiki ya kwanza haiishi bila mmoja kunyoosha mkono: “Teacher, borrow me a pen.” Jibu nilikuwa nalo tayari, tena kwa ukali: borrow ni ya anayechukua, lend ni ya anayetoa. Wanaitikia kwa pamoja. Kesho yake, “Teacher, borrow me a pen.”

Miaka ilipita kabla sijajiuliza kosa linatoka wapi. Linatoka nyumbani. Tunasema nimeazima kalamu kwa Juma, kisha tunasema Juma, niazime kalamu. Kitenzi ni kilekile. Pengine tunakirefusha mkia tu: kopa, kopesha. Na hapo tumewazidi Waingereza, kwani kalamu huazimwa, itarudi ileile. Unga hukopwa, utarudi mwingine. Borrow yao inabeba yote mawili.

Jumatatu moja nilikuwa nasahihisha insha. Msichana wa dawati la mbele kaandika: “The thief stole my mother.” Kwa Mwingereza, mwizi kambeba mama mzima. Nikapiga mstari mwekundu, nikampa 4 kati ya 10, na darasani nikaisoma sentensi ile iwe mfano. Wenzake wakacheka. Yeye akatoa wembe wa kuchongea penseli, akaanza kukwangua wino, taratibu, mpaka karatasi ikatoboka.

Mapumziko nikamwita.

“Mama aliibiwa kweli?”

“Ndiyo, mwalimu. Hela za vitumbua. Zote.”

“Pole, mwanangu.”

Nilikuwa nimeisoma habari ile mara mbili, nikaona kitenzi tu.

Kesho yake nilianza na Kiswahili ubaoni. Mwizi aliiba pesa. Mwizi alimwibia mama. Nikawauliza kilichobadilika, wakaiona ile -ia papo hapo, maana ni mali yao. Ndipo nikawaambia: sisi tunapoongeza -ia, Mwingereza anabadili neno zima. Steal inafuatwa na kilichochukuliwa, rob inafuatwa na aliyetendewa. Yule binti hakuwa amekosea kufikiri. Alifuata kanuni ya lugha yake bila kuteleza, nami nilimwadhibu kwa hilo.

Tangu hapo sikufundisha vingine. Hata anavaa na amevaa: sisi tunabadili wakati, wao wanabadili kitenzi, put on kisha wear.

Ijumaa aliniletea insha upya, kwenye karatasi safi. Robbed ilikuwa mahali pake. Chini aliongeza sentensi ambayo sikumwomba, kwamba mjomba amemkopesha mama unga wa kuanzia. Aliandika lent.