Kisu cha Mora, na kwa nini simpi fundi anoe

Leo kompyuta naiweka kando kidogo. Kisu changu kinatoka Mora, mji wa Sweden unaojulikana kwa visu. Ubapa wa sentimita 10 hivi, ala ya plastiki, basi. Urembo hakina.

Siri iko kwenye makali. Visu vingi vya jikoni vina mteremko mpana, halafu mwingine mwembamba kabisa pale mwisho. Hiki kina mmoja tu kila upande, unashuka moja kwa moja hadi kwenye makali. Ukinoa, unaulaza mteremko wote juu ya jiwe. Hukisii pembe, kisu chenyewe kinakuonyesha. Kwangu ni kama programu huria, yaani ufundi wa kukirekebisha umewekwa wazi mle mle ndani.

Ndiyo maana yule fundi wa kunoa kwa baiskeli mtaani kwetu, ambaye namheshimu sana, simpi. Gurudumu lake litauviringisha mteremko, nami nitashinda jioni nzima kwenye jiwe nikiurudisha.

Changu ni chuma cha kaboni. Kinanoleka upesi, ila usipokikausha na kukipaka mafuta, kutu hiyo! Shemeji yangu yuko Kilifi, hewa ya chumvi tupu. Nimemshauri achukue cha chuma cha pua. Amekataa katakata, anataka kama changu. Haya, nitakikagua Desemba nikishuka Pwani.