Kidonge Kisicho na Siku ya Mwisho

Mkuu wa chuo cha ualimu hufika siku akastaafu. Moyo wake haustaafu. Mimi nina miaka 74, na kwa miaka 11 sasa nameza kila asubuhi kidonge kimoja cha atenololi.

Ugonjwa wangu huitwa anjaina. Sisi wa Kilimanjaro tunaweza kuuelewa kwa mfongo, ule mfereji wa jadi unaoteremsha maji vihambani. Mfongo ukijaa tope, migomba hupata maji haba. Vivyo hivyo, mishipa inayoulisha moyo ikisongwa na mafuta, moyo hukosa damu ya kutosha unapofanya kazi nzito, na kifua hubana. Moshi mjini, kwenye tambarare, nilitembea bila taabu. Nikipanda kwenda nyumbani Marangu, ndipo kifua kilipobana.

Kidonge hiki hakizoi tope. Hupunguza kiu ya migomba. Huizuia adrenalini isiuharakishe moyo, nao hupiga taratibu, ukatosheka na damu iliyopo. Fikra hiyo ni ya James Black wa Uskoti, ambaye kazi yake ya miaka ya 1960 ilimpatia Tuzo ya Nobel mwaka 1988. Wenzake walitafuta jinsi ya kuuongezea moyo damu. Yeye akatafuta jinsi ya kuupunguzia mahitaji.

Dawa ina gharama zake. Asubuhi za Julai vidole vyangu hupoa, na miguu huwa mizito. Lakini hatari kubwa ni nafuu yenyewe. Mzee mwenzangu, jirani, alipoona maumivu yamekwisha alisema amepona, akaacha dawa ghafla. Hazikupita wiki mbili, tukamkimbiza hospitali usiku. Alinusurika, wengine hupata shambulio la moyo. Dawa hii hupunguzwa kidogo kidogo, na kwa amri ya daktari.

Simshangai. Tumelelewa na dawa za kumaliza: ya malaria siku tatu, basi. Hii haina siku ya kumaliza, na kujisikia mzima ni dalili kwamba inafanya kazi.

Waongoza wageni mlimani huwahimiza waende polepole. Nami napanda hivyo, nikipumzika mara nne. Vijana hunipita wakisema, "Shikamoo, Mwalimu." Najibu, "Marahaba," na pumzi ya kuwaulizia wazazi wao hubaki.