Maji ya Ndege Uani Kwako

Morogoro,
Julai

Mwanangu mpendwa,

Picha ya lile beseni la saruji lenye mguu mrefu nimeipata. Umeniuliza kama ulinunue, uliweke pale mbele kati ya geti na dirisha la sebule, ndege wapate kunywa na kuoga. Nimeona nikujibu kwa barua, maana jambo hili nalipenda, na huko Dodoma ndiko hasa linakotakiwa. Mvua ikishakata mwezi wa nne au wa tano, mnakaa hadi kukaribia Desemba bila tone la maana. Ndege walao mbegu kavu, kama tetere, mnana na shomoro, hawapati maji katika chakula chao, lazima wanywe kila siku. Isitoshe, ndege hatoki jasho. Joto likimzidi hutweta mdomo wazi, na kadiri anavyotweta ndivyo anavyopoteza maji.

Lakini usinunue kitu bado. Tafuta mahali kwanza, chombo kitafuata.

Hapo mbele sipapendi. Madirisha yenu ni yale ya vioo vya kiza, na vioo hivyo huonyesha mawingu na miti kama vile njia inaendelea. Ndege akishtuka hukimbilia huko kwa kasi yake yote, akajigonga. Ikibidi beseni liwe karibu na dirisha, basi lisizidi mita 1 kutoka kiooni, kwa kuwa ndege anayeruka kutoka hapo hajapata kasi ya kumuumiza. Vinginevyo lipeleke mbali kabisa.

Mimi ningelipeleka nyuma, kwenye ule mwarobaini. Hauishiwi majani wakati wa kiangazi, na naamini ndege wameshauzoea. Ndege mwenye kiu hashuki majini moja kwa moja. Hutua tawini, akatazama huku na huku, akashuka, akanywa, akarudi tawini. Kwa hiyo anautaka mti uwe karibu, ila beseni lisiwe chini ya matawi, la sivyo kila siku utakuta majani na vinyesi majini. Pima mita 3 kutoka mwisho wa matawi, upande wa kusini mashariki. Miezi hii jua la kwenu limeegemea kaskazini, na alasiri linakuwa magharibi, hivyo kivuli kitaangukia huko saa zile ambazo joto ni kali.

Hizo mita 3 zina sababu nyingine: paka. Mtazame shore anapooga, utaelewa. Kwanza husimama ukingoni, akachovya mdomo, akainua kichwa ili maji yateremke kooni. (Tetere yeye huzamisha mdomo akavuta maji mfululizo bila kuinua kichwa, waite watoto waone.) Kisha huingia hadi maji yamfike tumboni, akainamisha kifua, akapigapiga mabawa mpaka maji yaruke pande zote. Anatulia, anaangaza macho, anaanza tena. Anapotoka manyoya yamelowa, naye anaruka kwa shida, chini chini. Paka aliyejificha kwenye kichaka anamsubiri wakati huo. Kwa hiyo maua yaliyosongamana karibu na beseni yapunguze, pabaki peupe, ili ndege amwone adui kabla hajafikiwa. Akishafika tawini atajikung'uta, kisha atageuza kichwa hadi kwenye tezi ya mafuta iliyo juu ya mkia na kuyapaka manyoya unyoya kwa unyoya. Hapo ndipo unapoona kwa nini tawi la karibu lina thamani.

Sasa chombo. Lile la pichani ni zuri kwa macho, lakini inaelekea lina kina kirefu, na kuta zake zinashuka wima. Ndege wetu wengi ni wadogo. Maji yawe sentimita 2 hivi ukingoni, yateremke taratibu hadi 5 katikati, basi. Upana wa sentimita 45 unatosha. Sehemu ya ndani iwe na mkwaruzo, kucha zipate kushika, kwa hiyo kauri inayong'aa haifai. Karai la bati nalo linachemka juani. Sahani pana ya udongo, ile inayowekwa chini ya chungu kikubwa cha maua, kwangu inashinda yote. Weka jiwe bapa katikati, lichomoze juu ya maji. Vindege vidogo vitasimama hapo, na nyuki hawatazama. Nyuki watakuja, usishangae, kiangazi nao wana kiu. Ndiyo maana beseni likae mbali na kamba ya nguo na mahali watoto wanapochezea.

Kuhusu ule mguu mrefu, kuinua chombo hadi karibu mita 1 kunasaidia dhidi ya paka, lakini upepo wa kwenu una nguvu, na mtoto wako wa mwisho ndiyo kwanza anaanza kusimama kwa kushikilia chochote. Beseni la saruji likimwangukia litamvunja. Panga matofali ya saruji, uyaunge kwa udongo wa saruji yasitikisike, sahani uiweke juu.

Najua habari ya mgawo wa maji. Sahani ya kiasi hicho haipokei zaidi ya lita 5. Ya jana mwagia mchicha au shina la mpapai, halafu tia mapya. Hili la kubadilisha ningependa usilikose, kwa ajili ya nyumba yenu pia. Waliokuwa Dar es Salaam mwaka 2014 na 2019 wanaikumbuka dengue. Mbu wake hupenda maji safi yaliyotuama, na kwenye joto yai huwa mbu kamili kwa muda wa wiki moja hadi siku kumi. Mayai yake hugandia ukutani juu kidogo ya maji, na yakikauka hayafi upesi, hukaa hata miezi. Kumwaga peke yake hakutoshi. Sugua kwa brashi ngumu angalau mara mbili kwa wiki. Sabuni usitie, inaondoa mafuta ya manyoya.

Jirani anayelima mtama akilalamika kwamba utamletea kweleakwelea, mwambie kundi la ndege wale halifuati sahani moja ya uani. Linafuata mashamba na mabwawa.

Wiki za kwanza huenda asije hata mmoja. Endelea tu kubadilisha maji, asubuhi kabla jua halijawa kali. Wakianza kuja, niandikie ni akina nani, na kama kuna wale wa bluu wadogo, dume ana mashavu mekundu, nijulishe siku hiyo hiyo kwa simu. Mumeo msalimie, mwambie aanze na matofali.

Ni mimi shangazi yako.