Nilivyojifunza Kusema Pole Nikiwa Japani

Desemba iliyopita nilikuwa nyumbani Kilwa Masoko, nimekaa barazani na mama, sahani ya pweza katikati yetu. Mama akaniuliza, "Hivi mwanangu, huko Japani pweza wanamwitaje?"

Nikameza mate. Mume wangu akageuza uso, akajifanya anaangalia kuku.

"Mama, wanamwita tako."

Kimya. Halafu mama akauliza taratibu, "Kwa hiyo mtu na heshima zake anaingia dukani, mbele za watu, anaomba tako?"

Ndiyo mama. Tena Osaka, mji tulioishi sisi, ndiko ilikoanzia takoyaki, yale madonge ya unga yenye kipande cha pweza ndani, yanayouzwa kule tangu miaka ya 1930. Watu wanapanga foleni kabisa. Mama alicheka mpaka akajifutia machozi kwa khanga.

Tulicheka wote. Lakini msomaji wangu, kabla hatujafika kwenye kucheka, Japani ilikaribia kuivunja ndoa yangu. Na neno moja la Kijapani ndilo lililoiokoa. Naomba nikusimulie.

Shahada ya mawasiliano, mawasiliano sifuri

Aprili 2015 mume wangu alipata ufadhili wa serikali ya Japani: mwaka mmoja wa maandalizi, kisha mitatu ya shahada ya uzamivu kwenye uhandisi. Ndoa yetu ilikuwa na miezi saba. Mie nilikuwa na miaka 27, mhariri, nina shahada ya mawasiliano na mdomo wa kutosha. Nikaacha kazi, nikamfuata. Mashosti wakanisindikiza kwa vigelegele.

Sasa, Kijapani kina mtego kwa sisi Waswahili. Irabu zao ni zile zile a, e, i, o, u, na silabi nyingi zinaishia kwa irabu kama zetu. Ukikariri sentensi moja, unaitamka vizuri hasa. Ndipo balaa linapoanza, kwa sababu muuzaji anaamini unakijua, anakumwagia Kijapani cha dakika nzima. Mie natabasamu tu, naitikia "hai, hai", ambayo kwao ni ndiyo. Siku moja nilitoka dukani na boksi la chakula ambacho hata kachumbari yake imepashwa moto, pamoja na vijiti vya kulia vya watu watatu. Vyote nilikuwa nimevikubali mwenyewe.

Simu nayo wanaipokea kwa kusema "moshi moshi". Mara ya kwanza nilijibu, "Hapana, mimi natoka Kilwa."

Na taka, jamani! Taka za kawaida zina siku yake, plastiki siku yake, chupa na makopo siku yake. Mfuko wangu ukaachwa peke yake barabarani, umebandikwa karatasi ya onyo, majirani wote wanauona. Bibi mmoja wa mlango wa tatu ndiye aliyenihurumia. Akanishika mkono, akakaa nami chini, akanionyesha: chupa huku, kizibo kule, karatasi ya nembo uibandue kwanza. Hakujua Kiingereza, mie sikujua Kijapani. Tulielewana kwa vidole.

Neno la kwanza kulisoma mwenyewe kwa herufi zao lilikuwa kwenye pakiti ya pweza, sehemu inayoonyesha alikotoka. Mo-ri-ta-ni-a. Mauritania! Nikasimama mbele ya lile friji, machozi yananitoka. Kwetu Kilwa bamvua likifika, maji yakipwa, wanawake wanashuka mwambani na fimbo zao kutafuta pweza. Na mie niko huku, mwisho wa dunia, namlilia pweza aliyetoka Afrika kama mimi.

Kitu kimoja tu kilinifariji: saa ya ukutani. Japani iko mbele ya Tanzania kwa saa sita, na sisi kwa Kiswahili tunahesabu saa kwa tofauti ya hizo hizo sita. Kwa hiyo mshale ukionyesha mbili mchana pale Osaka, Kilwa ni saa mbili asubuhi. Saa yangu ilisoma Kiswahili cha nyumbani bila kupiga hesabu yoyote. Naiangalia, najua mama anakunywa chai.

"Ngumu kidogo"

Wakati mie napigana na taka, mume wangu alikuwa ananyamaza. Anatoka asubuhi, anarudi saa tano usiku. Nikimuuliza vipi, ananijibu "daijoubu", yaani niko sawa, hamna shida. Mwanzoni nililipenda lile neno. Baadaye likawa mlango unaofungwa usoni mwangu kila usiku.

Nami sikuwa malaika. Mtu hajavua viatu, namuuliza maziwa yako wapi, bili ya gesi umelipa, kwa nini hupokei simu. Siku nzima nilikuwa sijazungumza na mtu, kwa hiyo yeye ndiye aliyebeba maneno yangu yote, na yalikuwa makali. Mwishoni nikaanza kuhisi kuna mwanamke. Nikapekua simu yake. Nikakuta ujumbe wa maabara, Kijapani kitupu. Novemba 2017 nilikuwa nimeshaulizia bei ya tiketi ya kurudi Dar es Salaam, tiketi ya mtu mmoja. Yeye hakujua.

Jumamosi ile nikaenda kama kawaida kwenye darasa la lugha la wageni, ambako wenyeji wanajitolea kufundisha. Nilikuwa na swali. Yule bibi jirani akikutana na mume wangu kwenye ngazi usiku humwambia "otsukaresama". Maana yake nini?

Mwalimu akaanza kuhangaika. Akasema ndani yake kuna neno uchovu, na kuna heshima. Unamwambia mtu aliyetoka kazini. Akajaribu Kiingereza cha kwanza, akakataa mwenyewe. Akajaribu cha pili, wapi. Akasema Kiingereza hakina neno hilo.

Nikaruka kwenye kiti. "Pole na kazi!"

Darasa zima likanigeukia. Nikaeleza kwamba kwetu tunalo, tena kila siku. Kilwa ukipita shambani ukamkuta mtu usiyemjua analima, utamwambia pole na kazi kabla hujauliza njia. Mwalimu akafurahi, akaliandika ubaoni.

Mie sikufurahi. Nilikaa pale nikijiuliza: mara ya mwisho nimemwambia lini mume wangu? Bibi wa Kijapani mwenye miaka zaidi ya sabini anampa mume wangu pole kila usiku kwenye ngazi, akifika kwangu anakutana na bili ya gesi.

Usiku huo alipoingia, nikamfuata mlangoni. "Pole na kazi, mume wangu."

Alikuwa ameshavua kiatu kimoja. Akakaa chini pale pale, kiatu cha pili mguuni, akalia.

Yakatoka yote. Utafiti wake ulikuwa umekwama miezi minane. Kila akimpelekea msimamizi wake mpango ule ule, mzee anavuta pumzi, anamwambia "ni ngumu kidogo". Mume wangu ni mtu wa Njombe, kwao ukikosea unaambiwa umekosea. Yeye alisikia: ni ngumu, kwa hiyo kaza buti. Akakaza, akakesha, muda wa ufadhili unakwisha, na aliona aibu kunieleza mimi niliyeacha kazi kwa ajili yake.

Mie mtoto wa Pwani nikamwangalia. "Baba, 'ngumu kidogo' maana yake ni hapana."

"Umejuaje?"

Nimejuaje! Nimekulia mahali ambapo hakuna anayekwambia hapana usoni. Ukimwalika mtu asiyetaka kuja atasema inshallah. Ukikopa kwa asiyetaka kukopesha atasema tutaangalia. Yule mzee alikuwa anakataa kwa adabu kwa miezi minane, kama mtu wa Kilwa tu.

Jumatatu akaenda kumuuliza msimamizi kwa namna nyingine: sehemu ipi aiache? Mzee, kwa maelezo ya mume wangu, alishusha pumzi kama aliyetua mzigo, akachukua karatasi, akamchorea njia nyingine kabisa. Haikuwa rahisi. Miezi ile minane haikurudi, na alikesha mingi zaidi mbele. Lakini Machi 2019 alihitimu, nami nilikuwepo ukumbini.

Na ile tiketi? Nilimwambia, usiku ule ule. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Pole na wewe." Nadhani ndiyo siku tuliyooana kweli.

Kwako wewe na mwenzio

Kama mnapanga kwenda ughaibuni, au hata kuhama tu mkoa kufuata kazi ya mmoja wenu, nina mambo machache. Yule anayefuata awe na mahali pake pa kwenda, hata darasa la Jumamosi, la sivyo mwenzake atageuzwa kuwa dunia nzima. Msiseme "niko sawa" kwa sababu tu lugha ya ukweli inachosha. Na kabla ya maswali ya bili, mpe mtu pole yake kwanza. Haigharimu chochote.

Siku ile pale Kilwa, mama alipomaliza kucheka, alishika mkono wangu akaangalia saa. "Mbona saa yako inasema mbili, na kweli ni saa mbili?"

Sijaibadilisha tangu Osaka, nikamwambia. Mume wangu akainuka kwenda kusaidia kuteka maji. Aliporudi na ndoo, mama alinitangulia kusema.

"Pole na kazi, mwanangu."