Ngitili ya Mtandao

Mji wetu uko Nyalikungu, Maswa, na ua wake ni wa minyaa. Minyaa inazuia mbuzi na inamwambia mpita njia kwamba hapa pana wenyewe. Mawimbi ya Wi-Fi hayaijui. Ruta ikikaa dirishani, mtandao unavuka ua na kufika hadi pale vijana wa mtaa wanapokaa jioni.

Ruta hiyo niliileta nilipomaliza chuo na kurudi nyumbani na kompyuta yangu mpakato. Kuanza hakukuwa kazi. Unaingiza laini, unasubiri taa zitulie, unafungua kompyuta, unachagua jina la mtandao, unaandika nywila iliyobandikwa chini ya ruta. Jioni ile ile mdogo wangu alijaza maombi ya mkopo wa chuo akiwa sebuleni. Hakulazimika kupanga foleni steshenari na kumwachia mtu asiyemjua nywila yake na namba ya kitambulisho chake.

Siku ya tatu akaja jirani. "Mwadila," akasalimia, akakaa, akaomba nywila kama mtu anavyoomba chumvi. Kesho yake wakaja wengine wawili. Kwetu jirani hanyimwi chumvi wala moto, na mtandao unafanana na moto: ukimgawia mwenzako, wako hauonekani kupungua ila bando likiisha.

Tatizo ni kwamba laini ile ni ya mama. Imesajiliwa kwa kitambulisho chake cha taifa na alama za vidole vyake, kama laini zetu zote tangu mwaka 2020, zile zisizosajiliwa hivyo zilipoanza kufungwa. Sheria ya Makosa ya Mtandao ipo tangu 2015. Mtu akikaa nje ya ua wetu akamtapeli au kumtukana mwingine kupitia mtandao wetu, wa kwanza kuulizwa atakuwa mwalimu mstaafu ambaye hata hajui kilichofanyika. Halafu kuna ruta yenyewe. Nyingi hutoka kiwandani na nywila ya mipangilio inayojulikana na kila mtu. Anayeijua akishaingia, anaweza kubadili njia ili ukiandika anwani ya benki yako upelekwe kwenye ukurasa wa bandia.

Nilimweleza mama haya yote kwa lugha ya darasani. Alinisikiliza, kisha akasema, "Kwa hiyo unataka kuweka ngitili."

Kwa asiyejua, ngitili ni eneo la malisho ambalo Wasukuma hulifunga mvua zinapoanza, mifugo isiingie, ili kiangazi kikifika majani yawepo. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ulioanza 1986, Maswa ikiwa bado ni sehemu ya mkoa huo, ulizifufua kwa wingi. Mwenye ngitili haitwi mchoyo. Watu wanajua kwa nini amefunga, na wanajua atafungua lini.

Basi nikafunga. Nilibadili kwanza nywila ya mipangilio, kisha ya mtandao, nikaweka maneno manne yasiyohusiana. Nilichagua ulinzi wa WPA2, wa tangu 2004, kwa kuwa ruta yetu haina WPA3 ya 2018. Kwenye kompyuta nilizima ushirikishaji wa mafaili, nikaruhusu masasisho, na nikaizuia kujiunga yenyewe na mitandao ya stendi na ya hoteli. Mdogo wangu nilimwambia kwamba alama ya kufuli kwenye kivinjari inamaanisha njia imefungwa, wapita njia hawasomi. Haikuambii anayekupokea mwisho wa njia ni mwaminifu.

Baada ya hapo nikafungua upande mmoja. Ruta ina mtandao wa wageni, wenye jina lake na nywila yake. Anayeingia huko anaipata intaneti lakini hazifikii kompyuta na simu zetu. Nywila ya wageni hubadilika kila mwisho wa mwezi, na saa nne usiku mtandao huo unazimwa.

Mtandao wa wageni haukufuta jina la mama kwenye laini. Kwa hiyo yeye ndiye anayegawa nywila, kwa mdomo, haiandikwi popote. "Nampa ninayemjua mama yake," anasema. Wengi wamepata. Binti mmoja wa jirani sasa anasoma masomo ya kidato cha sita kwa mtandao wetu, na mwezi uliopita alichangia bando bila kuombwa.

Kijana mmoja mama alimkatalia, kwa sababu ambazo hakunieleza. Alikuwa akinisalimia kila asubuhi nikienda sokoni. Siku hizi hugeuza uso akiniona, na wala simlaumu, kwa sababu naye ana mama, tena tunamjua vizuri.